Nani Aliwasha Moto wa Mwisho

Mwishoni mwa mwaka 1994, ukipanda kilima cha Rebero, jijini Kigali, na kuulizia nyumba ya mwalimu wa picha, hata mtu aliyefika jana angekuonyesha. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, bati lake limetobolewa na risasi mahali pawili patatu, na mlango wa mbele umepakwa rangi ya kijani isiyolingana na kitu chochote pale. Aliyeupaka, Zephaniah Nkusi, alipaka mlango tu. Kuta aliziacha na makovu yake. Majirani walidhani rangi ilimwishia, na yeye aliwaacha wadhani hivyo.

Zephaniah aliondoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Karagwe, upande wa Tanzania, akafundisha darasa la tatu miaka nenda miaka rudi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, ambaye sala yake ya chakula ilikuwa ndefu mpaka ugali unapoa na watoto wanaanza kusinzia. Alikuwa na udhaifu mmoja, na usimcheke sana maana tunao wengi: alipenda kuitwa mtu mwema. Asiposifiwa kwa siku kadhaa alinyong'onyea kama mche uliosahauliwa kumwagiliwa.

Kazi iliyompa jina hakuna aliyemtuma kuifanya. Kigali ya miezi ile ilijaa nyumba zisizo na watu. Baada ya mauaji ya kimbari na vita, wenye nyumba walikuwa wamekufa, au wamekimbilia Zaire, au hawajulikani walipo. Zephaniah alivaa buti za mpira, akashika fimbo ya kufukuzia mbwa, akaingia humo mchana kweupe, nyumba baada ya nyumba, kutoka Rebero mpaka mabondeni kuelekea Kicukiro. Waporaji walikuwa wamemtangulia kila mahali. Walikwishabeba milango, masinki, hata swichi za taa ukutani. Lakini mporaji hana haja na picha ya harusi ya mtu. Picha zilibaki sakafuni, zimekanyagwa na kunyeshewa, pamoja na rozari, sweta za shule na kiatu kimoja kimoja.

Alizikusanya, akazifuta matope kwa kitambaa laini, akazianika sebuleni kwake kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo. Kisha aliwatafuta majirani waliosalia, hasa mzee Viateur aliyekuwa amerudi karibuni kwenye nyumba ya chini yake na aliyekijua kilima chote, akawauliza habari za kila nyumba. Hakuandika chochote. Alizikariri kama alivyowakaririsha watoto wa darasa la tatu, na jioni alizirudia mbele ya mkewe Lillian na watoto wao watatu, mpaka binti yao mkubwa, Umulisa, akazijua kuliko nyimbo za kanisani. Nyumba ya mkunga ambaye hakula kuku maisha yake yote. Nyumba ya fundi saa aliyekuwa anachelewa kila mahali.

Na kila habari aliianza kwa swali lilelile. "Nani aliwasha moto wa mwisho katika nyumba hii?"

Watu walilipenda swali hilo. Walisema huyu mwalimu anajua mambo, nyumba kweli ni moto wake. Mwezi wa kumi alikuja Donatille, mwanamke wa makamo aliyekulia Bujumbura, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili. Akakuta kwenye kamba picha ya shangazi yake. Zephaniah akamsimulia nyumba ya shangazi tangu mwanzo, mpaka jina la mbuzi wake. Donatille alilia, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, weye uko mutu wa Mungu," akasema. "Wengine walikuja kunyakua. Weye unarudishia watu watu wao."

Zephaniah alitabasamu, akainamisha kichwa kwa adabu. Usiku huo hakula. Lillian alimtazama, akaondoa sahani bila kuuliza, maana alijua. Wote wawili walijua nyumba moja ambayo habari yake haikusimuliwa sebuleni pale, nayo ni hiyo waliyokuwa wakilala.

Turudi nyuma, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Lori lililowatoa Karagwe kupitia Rusumo liliwashusha Kicukiro asubuhi, wao na magodoro na masufuria. Desturi ya siku zile mtu aliifundishwa kabla hajafuta vumbi usoni: tafuta nyumba tupu, andika mlangoni YAFASHWE, yaani imechukuliwa, na chini yake jina lako. Ukishaandika umemaliza. Aliyechelewa kupata chaki alilala nje. Familia zilipishana njiani mbiombio, kila mmoja akichungulia nyua za watu. Waliokuwa wakisubiri kurudi nyumbani kwa zaidi ya miaka thelathini walijikuta wanakimbizana kama watoto waliotupiwa peremende.

Nyumba ya Rebero aliiona yeye. Kitasa kilikuwa kimevunjwa, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba, na kamba ile ilikuwa mbichi. Ua ulikuwa umefagiwa. Dumu la maji lilikuwa limeoshwa na kufudikizwa juu ya jiwe. Zephaniah aliyaona yote hayo kwa macho yake mawili, kisha akakata kamba.

Mwalimu mzima hakuwa na chaki. Aliingia jikoni kutafuta mkaa wa kuandikia, na Lillian akamfuata. Kati ya mafiga palikuwa na jivu lililorundikwa vizuri, limeshindiliwa kwa kiganja. Lillian alilichokoa kwa kijiti. Chini kulikuwa na makaa mekundu.

"Baba Umulisa, hili jivu lina moto," akasema. "Mwenyewe yupo."

"Ni waporaji. Waporaji nao wanakula."

"Waporaji hawafagii ua."

Zephaniah alichungulia nje. Kwenye njia ya chini aliona familia nyingine inapanda, magodoro kichwani, baba yao ametangulia na chaki mkononi. Akachukua kipande cha mkaa pembeni mwa lile jivu, akakizima kwa mate, akatoka na kuandika YAFASHWE mlangoni kwa herufi kubwa zilizonyooka za ubaoni. NKUSI Z. Yule baba mwenye chaki alisoma, akageuka na watu wake. Na makaa yaliyobaki Lillian aliyapuliza, akaongeza kuni, akawapikia watoto uji. Ndicho kilichokuwa chakula chao cha kwanza katika nchi yao. Baada ya kula waliimba wimbo wa kushukuru, wote watano, kwa sauti ya kumwambia kila jirani kwamba Bwana amewatendea.

Usiku ule Zephaniah alilala sikio moja liko mlangoni. Hakubisha mtu. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuja mtu. Chumbani ukutani walikuta picha kwenye fremu: mwanamume mwenye tai, mwanamke mwenye kovu dogo juu ya nyusi, na wavulana wawili waliovaa sweta zinazofanana. Aliitoa kwenye msumari, akaitia nyuma ya kabati, uso umeelekea ukutani. Mwezi wa tisa aliokota kopo la rangi ya kijani kwenye nyumba moja iliyoporwa, akapaka mlango mara mbili. Na hapo ndipo alipoanza kuzunguka kwenye nyumba za wengine, akiuliza nani aliwasha moto wa mwisho, kana kwamba akiuliza mara nyingi vya kutosha jibu la nyumba yake lingefifia kati ya majibu mengine. Aliona haya kila alipofungua kinywa. Lakini sifa zilikuwa tamu, na haya na utamu vilikaa pamoja tumboni mwake.

Mgeni alikuja mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya manyunyu. Alikuwa mwanamke aliyekonda, amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa koti la kiume. Zephaniah alimwona dirishani akiwa amesimama mbele ya mlango wa kijani, ameuwekea kiganja, hajabisha. Kisha akabisha.

"Karibu, karibu ndani, mama," Zephaniah akasema, akafungua.

Nyumba ile ilikuwa na kizingiti kirefu. Kila mgeni alijikwaa, bila kukosa, na Zephaniah alikwishazoea kusema pole kabla ya wakati. Mwanamke huyu aliinua mguu bila kutazama chini, akaushusha upande wa pili, akaingia. Pole ya Zephaniah haikuhitajika. Akamwangalia usoni, akaona kovu juu ya nyusi.

Mgeni hakukalia kiti cha wageni. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni, kama mtu anayejua mahali pake, akazitazama picha kwenye kamba moja moja. Alisema anaitwa Nyiraneza. Aliposikia Kinyarwanda cha Zephaniah kinavyochechemea, akageukia Kiswahili, alichokipata kwa kuuza vitenge miaka mingi sokoni Nyamirambo, mtaa wa Waswahili jijini Kigali.

"Unatafuta nyumba ipi, mama?" Zephaniah akauliza.

"Nyumba sikuje kuitafuta, mwalimu. Natafuta picha tu. Iko na bwana moja na tai, na mama, na watoto mbili wa kiume. Watu wamesema weye unachungaga picha za watu."

Zephaniah aliingia chumbani. Alisimama nyuma ya kabati na fremu mkononi, na hapo, niseme kweli yote, moyo wake ulipata ahueni. Picha tu! Ampe picha yake aende. Nyumba hakuidai, amesema mwenyewe kwa kinywa chake. Watoto watalala pakavu, na jina lake litabaki safi. Alikipangusa kioo kwa shati lake, akajitengeneza uso, akatoka.

Nyiraneza aliipokea kwa mikono miwili. Hakulia. Aliweka kidole gumba chini ya kila uso, akataja majina polepole, "Damascène... Gatete... Shema," kama mama anayeita watu waje mezani. Kisha akaifunga ndani ya kitenge, akainuka.

"Murakoze cyane, asante sana, mwalimu. Mungu akubariki. Umenitunzia."

Ni sifa za aina ileile zilizomlisha Zephaniah kwa miezi mitatu. Sasa alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyiraneza alifika mlangoni, akainua mguu kuvuka kizingiti, akasita.

"Nasikiaga mwalimu anaulizaga kila mutu swali moja," akasema bila kugeuka. "Mbona mimi hauniulize?"

Lillian alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, unga mikononi, uso umemshuka.

"Baba Umulisa," akasema taratibu. "Muulize."

Zephaniah alimgeukia mgeni. Swali alilolisema mara nyingi kwa kujiamini alilitoa vipande vipande, kama mtoto aliyeitwa ubaoni na hajasoma.

"Nani... nani aliwasha moto wa mwisho katika nyumba hii, mama?"

"Ni miye."

Akarudi, akakaa tena kwenye benchi. Alisimulia kwa sauti ya chini, mikono juu ya kile kitenge. Mume na watoto alitenganishwa nao mwezi wa nne. Yeye alifichwa na watu, leo hapa, kesho pale, mpaka vita vilipoisha. Akarudi nyumbani, akakuta kumeporwa, akafagia, akawasha moto.

"Siku moja asubuhi wakaniambia kuna watoto wameokotwa, iko kwa masista kule chini Kicukiro. Nikafunika moto na jivu vizuri, sababu majirani wa kuendea kurahura hawakuwako tena." Kurahura ni kwenda kuomba moto kwa jirani, jambo ambalo Mnyarwanda hamnyimi ila mtu aliyekatana naye kabisa. "Nikafunga mlango na kamba ya mgomba. Nikaenda. Nikaangalia watoto wote, moja moja. Wangu hawakuwako. Jioni nikapanda kurudi. Nikiwa kwa kona, nikaona moshi inatoka jikoni yangu."

Alikivuta kile kitenge karibu na kifua.

"Nikakimbia, mwalimu. Nilikimbia! Nikasema Damascène amerudi. Nikasema watoto wamerudi, wanapika. Nikafika pale kwa migomba, nikasikia munaimba. Munashukuru Mungu. Nikasema, sasa miye naingiaje katikati ya maombi ya watu? Tena kwa mlango kumeandikwa jina."

Lillian alijifunika uso kwa kanga, mikono ingali na unga. Zephaniah alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Kwamba wao nao walifukuzwa kwao. Kwamba watoto walikuwa wachovu. Kwamba asingechukua yeye angechukua yule mwenye chaki. Aliyapanga yote kichwani, akayatazama, akaona haya hata kuyagusa.

"Nilijua, mama," akasema. "Jivu lilikuwa na moto. Mke wangu aliniambia. Mlango wako niliuandika kwa mkaa wako."

Nyiraneza alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilikujia picha tu," akasema.

"Msumari wake bado uko chumbani. Mahali pake ni pale. Sisi tutatoka."

"Mutaenda wapi? Mvua hii?"

"Sijui," Zephaniah akasema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Nyiraneza aliingia chumbani peke yake. Walimsikia akigonga msumari kwa kisigino cha kiatu, maana ulikuwa umelegea.

Walihama wiki hiyohiyo. Mzee Viateur aliwatafutia vyumba viwili visivyo na bati karibu na soko la Kicukiro, mali ya binamu yake aliye hai na aliyekubali, wakaezeka kwa turubai za msaada. Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari imefungwa, Lillian aliinama jikoni na kigae mkononi ili achukue moto wa kwenda kuanzia. Nyiraneza akamzuia.

"Si weye. Huyu bwana ndiye atarahura."

Kwa hiyo Zephaniah Nkusi, ambaye watu walimpigia makofi kanisani, alichuchumaa mbele ya mafiga yale, watoto wake wakimtazama, akashika kigae.

"Naomba moto, mama."

Alimpa makaa matatu na jivu kidogo. Zephaniah aliteremka kilima akiyakinga kwa koti, manyunyu yakimpiga shingoni. Kabla hajafika njia panda yalikuwa yamezimika, meusi kabisa. Alisimama pale barabarani, akafikiria kununua kiberiti. Sokoni vibiriti vilikuwapo. Kisha akageuka, akapanda tena.

Viateur alikuwa amekaa barazani kwake. "Eh, mwalimu! Moto umekukataa?"

"Nimeushika vibaya, mzee."

Nyiraneza hakucheka. Alimwekea makaa mengine, akamwagia jivu jingi juu, akalishindilia kwa kiganja chake.

"Moto unafunikwaga hivi," akasema. "Si unakumbuka vile uliikuta."

Zephaniah aliitikia kwa kichwa. Safari hii moto ulifika.

Picha zilibaki Rebero. Nyiraneza alisema watu wameshazoea kupanda pale, na ukimya wa nyumba ile hakuupenda. Kila asubuhi Zephaniah alipanda kilima, akabisha hodi kwenye mlango aliokuwa akiufungua na kuufunga kama wake, akasubiri kukaribishwa. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikwishaanza kuibambua ile rangi ya kijani, na Nyiraneza alimalizia kazi kwa kisu cha jikoni. Chini yake herufi zilikuwapo zote, zimenyooka, nyeusi kama siku ya kwanza. YAFASHWE. Jina la Zephaniah tu ndilo lililokuwa limesagika lisisomeke.

"Mama, nitaazima randa kwa fundi," Zephaniah akasema. "Nitaiparua leo hii, hutaiona tena."

"Uwache."

"Lakini mama, watu wanapita, wanasoma..."

"Si unatunzaga habari za nyumba? Hii nayo ni ya nyumba. Uwache."

Zephaniah hakwenda kwa fundi. Tangu siku hiyo alipita mlangoni macho yameinama.

Kabla ya Krismasi Donatille alirudi, na safari hii alikuja na kaka zake wawili kutoka Bujumbura, wamevaa vizuri, waje wamwone mtu wa Mungu aliyetunza picha ya shangazi. Sauti yake ilianza kusikika tangu kwa Viateur, aliyewaambia kwamba mwenye nyumba, Nyiraneza, amerudi na picha ziko kwake. Nyiraneza alikuwa sebuleni, ungo wa maharage magotini. Zephaniah alitoka nje kuwapokea, mikono imenyooshwa, na Donatille akasimama ghafla mbele ya mlango.

"Yesu wangu!" akapaza sauti. "Nyumba ya huyu mama nayo walitaka kuinyakua? Mwalimu, ni mushenzi gani aliandika hapa?"

Kaka zake walisogea kusoma. Ndani, Nyiraneza aliacha kuchambua maharage. Hakuinua kichwa, alisubiri tu, vidole vimetulia juu ya ungo. Zephaniah aliutazama mwandiko wake, kisha akamtazama Donatille machoni, ambaye bado alikuwa anatabasamu.

"Ni mimi," akasema.